Fundi Saa Aliyegeuzwa Kivumishi

Siku Anaklet Mbonde alipoanza kutokuwepo ilikuwa Jumanne, na chai yake ilibaki nusu kikombe mezani. Wanaume watatu waliokuja kumchukua walikuwa watu wa adabu. Walivua viatu mlangoni. Mmoja wao alimwambia mkewe, Perpetua, "Mama, tunamwazima mzee kwa robo saa tu." Perpetua alikuwa ameolewa na fundi saa kwa miaka ishirini na sita, na alijua vizuri robo saa ni kitu gani. Akakifunika kikombe kwa kisahani ili chai isipoe.

Isije ikadhaniwa kwamba serikali ya nchi ile ilikuwa na chuki na mafundi saa. Hapana. Iliwapenda, ndiyo maana wiki moja kabla ilimwita Anaklet aitengeneze saa ya mnara wa Uwanja wa Shukrani, ambayo kwa miaka kumi na moja ilikuwa imesimama kwenye saa nne kamili asubuhi. Asichoambiwa Anaklet ni kwamba Mlezi wa Taifa, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa nchi, alialikwa kwenye sherehe zote saa nne kamili, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Watu waliokuwa wamesimama juani tangu alfajiri waliinua macho, wakaiona saa, wakapiga makofi.

Anaklet aliitengeneza saa kwa siku mbili. Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Nidhamu. Mlezi akafika saa nne kamili kama kawaida yake, na nyuma ya kichwa chake, mbele ya mabalozi, saa ya mnara ikaonyesha saa tisa na dakika ishirini. Balozi mmoja, kwa nia njema kabisa, akairekebisha ya mkononi mwake.

Jumanne wakaja wale wenye adabu.

*

Watu wa Mtaa wa Mabanzi, alikoishi Perpetua, walikuwa na desturi yao. Mtu asipoonekana, siku ya tatu dada yake husimama kizingitini, huelekea nje, na kumwita kwa jina lake kamili mara tatu. Akiitika, anapikiwa. Asipoitika hata mara ya tatu, basi huyo amekufa. Hapo jamvi la msiba hutandikwa, watu huja kukaa, hulia, hunywa uji wa mchele, na siku ya saba jamvi hukunjwa, kila mtu akaenda zake na kazi zake. Pasipo wito wa tatu jamvi halitandikwi. Na jamvi lisipotandikwa, mwanamke wa nyumba ile si mke na si mjane. Haruhusiwi kukikalia kiti cha mumewe, wala kukiondoa.

Dada yake Anaklet aliitwa Bibiana, mwanamke mnene, mwuza vitumbua, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mafuta ya moto. Alhamisi alifika amejifunga kanga kiunoni, akasimama kizingitini.

"Anaklet Mbonde!" aliita. Kuku wa jirani wakatawanyika.

Kimya.

"Anaklet Mbonde!"

Kimya. Bibiana akavuta pumzi ya tatu, na Perpetua akamshika upindo wa kanga.

"Wifi, ya tatu iache."

"Niiache wapi?"

"Iache tu. Nitakwambia."

"Wifi, wito si sukari. Hauwekwi kabatini."

"Huu tutauweka."

Bibiana akamtazama, akakitazama na kikombe kilichofunikwa mezani, kisha akafunga mdomo. Ule wito wa tatu akaumeza.

*

Wakati ule Perpetua hakuwa peke yake katika kutafuta, ingawa kama tutakavyoona, kisheria alikuwa peke yake. Wanawake walienda vituo vya polisi kuuliza. Polisi walikuwa na daftari la waliokufa, daftari la waliofungwa na daftari la waliosafiri. Daftari la hawa halikuwepo, na neno "kutoweka" lilikuwa limeondolewa kwenye kamusi ya taifa mwaka uliotangulia kwa sababu za kiufundi. Askari wa zamu waliona aibu. Mtu anauliza jambo la maana, na wewe huna hata neno la kumwambia.

Ndipo Mlezi mwenyewe alipoingilia kati. Katika ujana wake alikuwa amesoma seminari kwa miaka miwili, akaacha kwa hiari ya walimu wake. Kutoka huko alibaki na ukurasa mmoja wa kitabu cha Kilatini, aliouchana kufungia sabuni. Ukurasa ule ulikuwa na kivumishi kimoja, *absens*, maana yake asiyekuwepo, pamoja na mikia yake yote. Kwa maana Warumi, walipotaka kusema jambo, walilibadilisha neno mkia kulingana na kazi: mkia wa mwenye kutenda, mkia wa mwenye mali, mkia wa mwenye kupewa, mkia wa mwenye kutendwa, mkia wa mwenye kuitwa, na mkia wa kitokacho kwake.

Mlezi aliusoma ukurasa wote redioni, pole pole, kama mtu anayesoma majina ya wajukuu. *Absens, absentis, absenti, absentem.* Nchi nzima ikasikiliza. Ilikuwa lazima.

Kesho yake Dakta Polikarpo Nzige, Waziri wa Utaratibu wa Maneno, aliwafafanulia wananchi kwa muda wa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine yana watu waliopotea. Sisi hatua hiyo tumekwisha kuivuka. Sisi tuna *absens*. Hili ni neno la Warumi, watu waliojenga barabara. Tena neno hili halibagui. Mwanamume ni *absens*, mwanamke ni *absens*, hata baiskeli ni *absens*. Akina mama, nawauliza, nani amewahi kuwapa usawa kama huu?"

Akina mama hawakumjua mwingine.

Mwandishi mmoja wa gazeti aliuliza kama neno hilo lina wingi.

"Wingi upo," alijibu waziri, "lakini kwenye ule ukurasa umefunikwa na doa la sabuni. Na hata doa lisingekuwepo, Serikali haioni haja. Katika nchi hii kila asiyekuwepo hayupo kivyake."

Sheria ikapitishwa alasiri ileile. Ilikuwa na vifungu viwili tu, kwa kuwa Mlezi hakupenda maneno mengi. Kifungu cha kwanza kilikataza kuwataja au kuwahesabu *absens* wawili kwa pamoja. Cha pili kilisema kwamba mikia yote ya neno hilo ni mali ya Serikali, ukiwemo ule wa kuita, na kwa hiyo raia yeyote atakayemwita *absens* kwa sauti atahesabiwa kuwa amemfuata.

Mtaa wa Mabanzi walidhani cha pili ni utani. Kisha mwanamke mmoja wa nyumba ya kona akamwita kaka yake kizingitini mara tatu, na asubuhi yake mlango wa nyumba ya kona ulikuwa wazi na moto wa jikoni umejizimia wenyewe.

*

Ofisi ya Kivumishi ilijengwa haraka, jengo zuri lenye korido moja ndefu na madirisha sita, moja kwa kila mkia. Karani alikuwa mmoja, Bwana Fidelis Chogo, kijana mwembamba mwenye tai sita. Ukimaliza dirisha la kwanza, alikuomba usogee la pili, kisha ukamsikia anakimbia kwa ndani. Ulipofika la pili ulimkuta amekaa, anahema kidogo, ana tai nyingine, na anakuuliza jina lako kana kwamba hamjawahi kuonana.

"Jina la *absens*?" alimuuliza Perpetua siku ya kwanza.

"Anaklet Mbonde. Fundi saa."

"Alikuwa fundi saa, mama. Sasa ni kivumishi."

"Ni mume wangu."

"Sikatai. Lakini kwenye fomu ni kivumishi." Akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya, na shule alikuwa ameisoma. "Tena kuna tatizo dogo. Kivumishi hakisimami peke yake. Kinahitaji nomino ya kuegemea. Nomino iko wapi?"

"Nomino mliichukua nyinyi Jumanne."

Bwana Chogo aliandika: *Nomino iko katika mikono salama.* Akamwomba asogee.

Dirisha la pili lilishughulikia vitu vya asiyekuwepo. Perpetua aliambiwa azilete koleo ndogo za Anaklet, bisibisi zake na sanduku la vipuri, zitunzwe na Serikali zisije zikapata upweke. Alivipeleka vyote isipokuwa kioo cha jichoni, kile Anaklet alichokibana kwenye jicho alipofungua saa. Hicho alikifunga kwenye pembe ya kanga, na kwenye fomu akaandika kwamba kilivunjika. Ndio uongo pekee aliowahi kuiandikia Serikali, na haukumsumbua.

La tatu lilikuwa la vitu vya kumpa asiyekuwepo, na hilo ndilo Perpetua alilolipenda. Alipeleka sweta ya kijivu aliyoifuma mwenyewe. Bwana Chogo aliipokea kwa mikono miwili. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, Perpetua aliiona sweta ile imevaliwa na mlinzi wa lango. Ilimkaa vizuri.

Dirisha la nne lilikuwa la mwenye kutendwa, na lilifungwa daima. Juu yake palikuwa na kibao: HAKUNA ANAYETENDWA CHOCHOTE. La sita lilikuwa la habari zitokazo kwa asiyekuwepo, yaani barua, salamu na kadhalika. Hilo nalo lilifungwa.

"Litafunguliwa lini?" aliuliza Perpetua.

"Akiandika, mama."

Likabaki la tano, dirisha la kuita. Hilo lilifunguliwa Alhamisi.

*

Alhamisi wanawake walijaa koridoni kwenye benchi refu la mbao. Ukutani palikuwa na tangazo: BENCHI HILI NI LA MTU MMOJA. Kwa hiyo kila mwanamke alikaa kana kwamba yuko peke yake, na yaliyokuwa ya kusemwa yalisemwa kwa kuutazama ukuta wa mbele.

Aliyekaa karibu na Perpetua aliitwa Skolastika. Binti yake, Ediltruda, alikuwa mwanafunzi wa uuguzi aliyeinua mkono katika mkutano wa hadhara na kuuliza kwa nini.

"Kwa nini nini?" Perpetua aliuuliza ukuta.

"Hakumaliza," Skolastika aliujibu ukuta. "Wako je?"

"Alitengeneza saa."

"Ikawa mbovu?"

"Ikawa nzima."

"Mungu wangu," alisema Skolastika. "Huyo ana kosa kubwa kuliko wangu."

Mabega ya benchi zima yakatikisika kidogo, kila moja kivyake.

Bwana Chogo alifungua dirisha, amevaa tai nyeusi, akaanza kuita. Kila jina aliliita mara mbili, akingoja katikati muda wa pumzi tano. Kisha aliandika, huku akitamka anachoandika: "Haitiki. Bado *absens*." Mara mbili tu. Ya tatu haikuwepo kwenye kanuni, kwa kuwa waliotunga kanuni walikuwa wametoka mitaa kama ya Mabanzi, na walijua vizuri ya tatu inafanya nini.

Miezi mingi Perpetua aliridhika na mbili. Kusema kweli, alizishukuru. Alikuja amevaa vizuri, akasikiliza jina la mumewe likitamkwa vizuri na mtu aliyesoma, akarudi nyumbani, akakiosha kikombe, akakifunika tena. Saa ya mnara, aliyoipita njiani, ilikuwa imerudishwa kwenye saa nne kamili.

Aliyechoka alikuwa Bibiana.

"Wifi," alisema siku moja, amekaa jikoni, vidole vya miguu vimevimba. "Mimi nina sukari. Nina presha. Daktari kanikataza hata vitumbua vyangu mwenyewe. Na ule wito umenikaa hapa." Akajigusa kifua. "Nikilala unanikaba. Nikifa nao, nani atamwita kaka yangu? Wewe huruhusiwi, ni mke. Dada ni mimi tu."

Perpetua alikitazama kiti cha Anaklet, ambacho kwa mwaka mzima alikuwa akikifuta vumbi bila kukikalia.

"Unadhani amekufa?"

"Mimi sidhani kitu. Mimi nataka kuita."

"Ukiita watakuchukua na wewe."

"Basi na waite wao. Mdomo wanao."

Perpetua akaona kwamba hilo ndilo lililobaki. Aliwahi kufika kidato cha nne na aliamini barua. Akachukua karatasi yenye mistari, akaandika sentensi moja: *Naomba Anaklet Mbonde aitwe mara ya tatu.* Bibiana, ambaye hakujua kuandika, aliweka dole gumba chini yake, akilibonyeza sana, kana kwamba anauhamishia wito karatasini.

*

Barua ilikaa Serikalini miezi minne. Iliundiwa tume. Tume ikasafiri kwenda kutazama vizingiti katika mikoa yote, ikarudi, ikala chakula cha mchana, ikaandika. Majibu yalipokuja yalikuwa na muhuri mwekundu: ombi limekubaliwa. Alhamisi ijayo Anaklet Mbonde ataitwa mara tatu, na waziri mwenyewe atakuwepo.

Perpetua aliisoma barua akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa amekaa. Halafu akaenda nyuma ya mlango, akalitoa jamvi.

Siku tatu walijiandaa. Walifagia uwanja, wakaazima sufuria mbili kubwa, wakaloweka mchele. Majirani walipita wakiuliza kwa macho, wakajibiwa kwa macho. Jamvi walilikung'uta, wakaliegemeza kizingitini, tayari. Alhamisi asubuhi Perpetua alimwaga chai ya kikombe kile, ambayo kwa kweli ilikuwa maji aliyoyabadilisha mara nyingi, akakiosha, na kwa mara ya kwanza akakirudisha kabatini kikiwa kimefunuliwa.

Bibiana alikuja naye ofisini, akipumua kwa taabu. Benchi la mtu mmoja lilikuwa limejaa hadi mlangoni.

Dakta Nzige alizungumza kwanza.

"Serikali yenu ni sikivu," alisema. "Imeletewa barua yenye dole gumba, ikaisoma barua, ikalisoma na dole gumba. Tumeambiwa kuna desturi ya kuita mara tatu. Sisi ni nani tuidharau desturi? Warumi wenyewe walikuwa na desturi. Kuanzia leo, *absens* wote…" akakohoa, "samahani, kila *absens* kivyake, ataitwa mara tatu. Karani, endelea."

Bwana Chogo hakumtazama mtu. Alikuwa na tai mpya, ya saba, nyeupe.

"Anaklet Mbonde," aliita.

Pumzi tano.

"Anaklet Mbonde."

Bibiana akaushika mkono wa Perpetua. Skolastika, akiutazama ukuta, akaushika ule mwingine, na hilo lilikuwa kosa la jinai. Perpetua alifumba macho. Alikuwa akimuaga. Alimwambia moyoni mambo mawili matatu ya nyumbani, juu ya paa na juu ya kiti, na akamwambia kwamba kioo cha jichoni kipo.

"Anaklet Mbonde," aliita karani mara ya tatu, na sauti ikamkatika katikati ya jina.

Kimya kikaja. Pumzi moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Naam," ilisema sauti ya mwanamume.

Ilitoka dirisha la sita.

Perpetua alikuwa amekwisha kusimama kabla hajajua kwamba amesimama. Kanga ilimdondoka begani. Hakuita, hakulia, aligeuka tu kule ilikotoka sauti, na kwa muda ule mfupi alikuwa tena mke wa mtu, na chai ilikuwa ya moto.

Dirisha la sita likafunguliwa. Ndani alikaa bwana mmoja aliyevaa suti, na mbele yake palikuwa na glasi ya maji na orodha. Watu waliomjua walimjua kwa sauti: ndiye aliyekuwa akisoma utabiri wa hali ya hewa redioni.

"Serikali," waziri aliendelea, "haiwezi kuwaacha raia wake wafe ofisini eti kwa kukosa kuitika. Kwa hiyo imemwajiri Mwitikiaji. Tangu leo kila atakayeitwa ataitika. Makofi."

Makofi yakapigwa.

Karani akaenda kwenye jina lililofuata.

"Ediltruda Mahimbo," aliita mara tatu, na mara ya tatu ile sauti nzito ya mvua za rasharasha ikaitika, "Naam," kwa kuwa neno lile halikubagua mwanamume na mwanamke.

Skolastika aliutazama ukuta.

"Mwanangu akiitwa huitika *abee*," aliuambia. "Tangu alipojua kusema."

Bibiana alikuwa ameegemea begani kwa Perpetua, mkono kifuani, palepale.

"Wito umetoka, wifi?" Perpetua alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Haujatoka," alisema Bibiana. "Wameita wao, lakini wito wangu upo palepale."

"Mama Perpetua," aliita Bwana Chogo kwa upole, akisukuma daftari dirishani. "Sahihi hapa. Kwamba umesikia akiitika."

Perpetua akauliza asipotia sahihi itakuwaje. Karani akamwonyesha nafasi nyingine chini ya ile, yenye mstari mtupu, iliyoandikwa *absens*. Perpetua akatia sahihi.

Mchele ulikuwa umekwisha kulowekwa, na mchele uliolowekwa haurudi guniani. Waliupika ukawa wali wa kawaida, wakala majirani waliokuja, wakiwa wamesimama, maana jamvi halikutandikwa. Sufuria zikarudishwa kwa wenyewe. Jamvi likarudi nyuma ya mlango.

Bibiana alifariki mwezi wa pili uliofuata, na msiba wake ulikuwa halali, wenye cheti.

Siku hizi Anaklet Mbonde huitwa kila Alhamisi, wa tatu kwenye orodha. Huitwa mara tatu, huitikiwa, na Perpetua hutia sahihi.